Nyongo kwenye Joho la Tumpe

Jumanne, 10 Juni 2025
Baridi. Ukungu umeshuka hapa Chapwa mpaka malori ya foleni ya mpakani yanaonekana vichwa tu, kama ng'ombe wanaovuka mto. Nimeyatazama nikasahau uji. Umeungua.

Balaa la jana liandikwe. Mazoezi ya kwaya. Tumpe aliimba ubeti wake wa Sikukuu ya Mavuno, nikafumba macho. Mkononi nilikuwa na sinia ya kitimoto, nguruwe wa kukaanga! Mafuta yote yakaishia kwenye joho lake jipya jeupe, lililokuwa kitini. Gasper wa besi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajitolea kulipeleka Mbeya kwa dobi wa mashine. Nikawahi. Niliapa mbele ya kwaya nzima kwamba doa nitalitoa mwenyewe kabla ya Jumapili. Tumpe akanitazama. Mimi, si Gasper!

Baba mdogo Yesaya ndiye mshenga wangu. Jumapili baada ya ibada atanipelekea posa kwa kina Tumpe. Ameniomba kitu kimoja tu: nisivuruge jambo lolote kabla ya hapo.

Jumatano, 11 Juni
Nimefua kwa maji ya bomba. Barafu tupu. Mafuta yameganda, doa limenenepa.

Dada Gloria, mwalimu wa baiolojia, amepita. Akaeleza kwamba mafuta na maji hayaelewani hata tumboni. Ndiyo maana ini hutengeneza nyongo, ikakaa kwenye kifuko chake, na chakula chenye mafuta kikifika utumbo mwembamba humwagiwa. Ndani yake mna asidi zenye pande mbili: upande mmoja unapenda maji, mwingine unapenda mafuta. Zinalikamata bonge la mafuta na kuligawa vitone vidogo mno, visiungane tena, mpaka vimeng'enya vivimalize.

Nimeviona vitone hivyo. Vinaelea taratibu kama ukungu wa hapa kwetu, na ndani ya kila kimoja Tumpe anaimba.

Gloria akamalizia kwamba sabuni ya vyombo hufanya kazi ileile kwenye sufuria, kwa hiyo ninunue hiyo na nichemshe maji. Sabuni ya vyombo! Hata Gasper anaweza kununua sabuni ya vyombo.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwenda mji wa jirani, Mpemba, kwa Damiano mchinjaji. Anakitoa kifuko cha nyongo kama mtu anayebeba yai, maana kikipasuka nyama haina mnunuzi. Kisha anakitupa! Nikaomba vya ng'ombe wawili. Damiano akaweka kisu chini, akauliza ni mganga gani amenituma. Nikasema si mganga, ni kwa ajili ya mwanamke.

Nadhani nilijibu vibaya.

Ijumaa, 13 Juni
Habari zimefika kwayani kabla yangu. Gasper anatangaza kwamba nataka kumroga Tumpe. Baba mdogo ameniuliza mara tatu kama bado nimeokoka. Nikasema ni sayansi. Tumpe aliendelea kushona kifungo. Anashona vizuri sana yule mwanamke.

Chupa mbili zimejaa nyongo. Rangi yake ni ya majani ya mgomba ukiyatazama kwa chini jua likiwaka.

Jumamosi, 14 Juni
LIMETOKA! Chupa moja tu, maji ya vuguvugu, na doa likaachia. Maji ya beseni yakawa meupe meupe. Vitone! Nilikaa mbele ya beseni saa nzima, nikajiona madhabahuni, suti ya kijivu, Tumpe kulia kwangu.

Kisha nikalianika joho. Ni kijani. Kijani cha mchicha uliolala. Lina harufu pia. Nimelisuuza mara tisa. Ukungu haujaondoka, halikauki.

Jumapili, 15 Juni
Tumpe alilivaa. Hakuwa na lingine. Safu nzima nyeupe, yeye peke yake kijani, joho bado bichi, na nzi wanne begani. Aliimba ubeti wote bila kuwafukuza. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Nilitaka ibada isiishe, na nilitaka ardhi inimeze.

Mchana baba mdogo alikwenda na posa. Akarudi upesi. Alimkuta mshenga wa Gasper kwenye kochi, anakunywa soda, wameshamalizana. Tumpe amenitumia salamu: hana kinyongo, doa kweli limetoka, ila nisiguse tena nguo yake maisha yake yote.

Nimelia. Sana, si kidogo. Gloria alinipikia ugali, akaniambia kwamba asidi za nyongo zikishamaliza kazi hazitupwi, nyingi hurudi kwenye ini na kutumwa tena. Nimelifikiria hilo mpaka ugali ukapoa. Zinarudi. Zinatumwa tena!

Harusi ni Septemba. Shela litakuwa jeupe, na pilau itakuwa na mafuta mengi. Lazima mtu atamwaga.

Chupa ya pili nimeiziba kwa nta ya mshumaa, nikaiweka chini ya kitanda.