Sentensi ya Kiganjani

Jumatatu, 6 Oktoba
Kiharusi kimemwachia Mama lugha moja tu, Kichamoru, lugha ya kisiwa chetu. Kiingereza chote kimefutika, kuanzia salamu mpaka matusi. Nami nina Kiingereza tu! Wazazi wetu walichapwa shuleni kwa kusema lugha yao, wakaapa watoto wao hawataijua. Kisha nikaenda Kalifornia, nikakaa miaka. Sasa mimi na Mama tunatazamana kama wageni kwenye foleni ya benki.

Binamu yangu Doro hajawahi kuhama kijiji chetu, Humåtak. Anakaa ukingoni mwa kitanda cha Mama, wanapiga soga, wanacheka. Inaniuma sana. Daktari amesema tusitegemee siku nyingi. Basi nimeweka nadhiri: Mama ataisikia kwangu sentensi moja safi, isiyo na kosa, na Doro awepo.

Jumatano, 8 Oktoba
Darasa la jioni, ukumbi wa kanisa. Mwalimu, Bi Milagros, anasema kitendo hutangulia, mtendaji anafuata nyuma. Sawa. Halafu neno linapasuliwa tumbo, linatiwa "um" ndani! Ukatili. Hata hivyo nimetoka na sentensi yangu: Humånao yu', lao esta måtto yu'. Nilikwenda, lakini nimesharudi. Nyumbani Doro akasema, "Kaka Bisente, si umuulize tu kama amekula?" Wivu huo.

Kichwa changu hakishiki kitu, kwa hiyo nimeiandika kiganjani. Nikaingia kwa Mama. Akaninyooshea mkono nimwamkie, niiname na kuugusa kwa pua yangu, kama kila mtoto wa nyumba hii afanyavyo. Nikaficha wangu mgongoni. Jasho lingeifuta! Kwanza sentensi, mkono baadaye. Nilipochungulia, nusu ya maneno ilikuwa imeshakuwa doa. Nikatoka.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mbinu mpya. Nimeandika upya, nikavaa mfuko wa mkate mkononi. Doro akauliza nimeungua na nini.

Mama akanyoosha mkono tena. Nikampungia kwa ule mfuko. Akauacha mkono wake hewani muda, kisha akaushusha juu ya shuka. Akamwambia Doro maneno marefu, akinitazama, macho yamelowa. Nilitambua neno moja tu: mwanangu. Amegundua najifunza! Anajivunia! Doro aliinamisha kichwa, hakunitafsiria. Roho mbaya. Nilikula sahani mbili za kuku wa ndimu na nazi kwa furaha. Sentensi yenyewe sikuisema, mvuke ulikuwa umeyeyusha wino.

Jumapili, 12 Oktoba
Mama amefariki asubuhi. Nilikuwa kwenye jiko la nje, nawasomea kuku. Niliisema yote, kitendo mbele, um mahali pake, bila kuchungulia kiganja. Nikapiga kelele ya ushindi. Ndipo Doro akaniita.

Nilimsomea Mama hivyo hivyo. Hakuna kosa hata moja. Mkono wake nikaushika, nikauinamia. Ulikuwa baridi. Sijui niandike nini zaidi.

Jumatano, 15 Oktoba
Usiku wa nne wa rozari ya kumwombea Mama. Mama Mdogo Remedios anaongoza sala kwa Kichamoru, mbio mbio, siwezi kumfuata. Watu wakala wali mwekundu, wakaondoka. Mimi na Doro tukabaki na masufuria.

Nikamuuliza siku ile Mama alinisifu vipi. Alisugua sufuria moja muda mrefu. Hatimaye akaniambia Mama aliuliza: "Nimemkosea nini mwanangu, hata mkono wangu hautaki?"

Nikamuuliza kwa nini hakunieleza palepale. Akasema alidhani kweli nina kinyongo, nimerudi na hasira za zamani. Akamjibu Mama kwamba nimechoka tu na safari. Mama akasema haya, basi asisumbuliwe.

Nimelia hadi mbwa wa jirani wakabweka. Mama amekwenda akiamini namchukia. Hakuna wa kumwambia sasa.

Jumatatu, 20 Oktoba
Usiku wa mwisho wa rozari. Siku zote hizi nimewaza kosa lilikuwa wapi. Nimelipata: wino! Kalamu ile ya kawaida haifai kwa nchi ya joto. Nimenunua kalamu nene, ya kuandikia makasha, haifutiki hata kwa sabuni.

Mpango: leo, kabla watu hawajala, nisimame mbele ya picha ya Mama nitoe sentensi ndefu zaidi, yenye "um" tatu. Bi Milagros ameisahihisha. Doro atakoma! Nimeandika kiganja cha kulia chote, mpaka kwenye kidole gumba.

Mlangoni nikakutana na Mama Mdogo Remedios. Ndiye peke yake aliyebaki kati ya ndugu za Mama. Amezeeka ghafla wiki hii. Akaninyooshea mkono nimwamkie.

Nikamwomba asubiri kidogo, wino haujakauka.