Bedding ya Waziri

Jumatatu, 8 Juni 2015. Shively, Louisville.

Cheruiyot, yule Mkenya wa darasa letu, ameniachia nyoka. Anaitwa Waziri. Mwekundu, urefu wa mkono wangu, hana sumu, eti. Mwenyewe anakwenda Columbus kwa shangazi yake, wiki nzima. Aliniuliza kama kweli nilipigana na chatu kule kwetu Beni. Nikasema wawili. (Nilitoka Beni na miaka mitatu. Hata jongoo namkimbia.) Nimemficha kabatini, ndani ya sanduku lake la kioo. Tangu saa sita nimekaa juu ya kitanda, viatu miguuni.

Mama asijue. Nilipochoma pazia aliapa: balaa moja tena, naenda Buffalo kwa mjomba Zenoni, anayeamsha watoto saa kumi na moja waombe, halafu wazoe theluji.

Jumanne, 9 Juni

Karatasi ya maagizo aliyoniachia Cheruiyot inasema leo nibadilishe bedding. Bon. Kingereza hicho nakijua. Siku tulipofika Amerika, mtu wa ofisi ya wakimbizi alisoma orodha mlangoni: sufuria, sahani, bedding. Bedding ni mashuka na blanketi. Mama mwenyewe alisaini.

Ndani ya kioo nikakuta maranda tu, kama chini ya meza ya seremala. Cheruiyot anajidai msafi, kumbe mnyama wake analala jalalani! Nikamsukuma Waziri pembeni kwa mwiko wa bugali, macho nimefumba. Nikatupa maranda yote, nikatandika shuka langu. Waziri akaingia chini yake, ukabaki uvimbe unaotembea. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Mwiko nimeurudisha jikoni. Bugali ya jioni sikula.

Alhamisi, 11 Juni

Waziri amechafua shuka. Nikachukua kitambaa laini kuliko vyote nyumbani: kitenge kipya cha mama cha kwaya. Nimekikunja mara nane. Hoteli. Dada yangu Gentille akafungua kabati, akaona. Hakupiga kelele, ndiyo maana namwogopa. Akasema ili asimwambie mama nitaosha vyombo mpaka Krismasi, kaka mpendwa, mshindi wa machatu.

Jumamosi, 13 Juni

Nikampigia Cheruiyot, nijisifu. Alicheka mpaka shangazi yake akauliza kama amepagawa. Wewe bwana, akasema, bedding ya nyoka ndiyo hayo maranda uliyotupa. Nitafute mengine, au nitandike gazeti. Ila ya mwerezi marufuku, harufu yake inaua nyoka. Nikamwambia Sulemani alijengea hekalu mwerezi, nyoka ni nani aukatae? Akakata simu.

Hapo gari la mama likaingia. Nikanyakua kitenge, nikakirudisha kwenye mfuko wake wa kwaya vilevile kilivyokunjwa, nikatandika gazeti. Yote dakika moja, bila kuangalia. Fundi ni fundi.

Jumapili, 14 Juni

Kioo kitupu. Mama ameshaenda kanisani na mfuko.

Nilikimbia mitaa saba. Nikafika mama anakunjua kitenge mbele ya kwaya nzima. Waziri akaangukia mguu wa mama Nyirangabo, mwanakwaya mwenzake. Sauti aliyotoa haimo katika kitabu chochote cha nyimbo. Mchungaji Sebineza akakemea pepo, amesimama juu ya spika. Watu wakaulizana: yuko wapi yule mtoto wa machatu? Nilikuwa nimeshapanda dirishani, mguu mmoja nje.

Mama yangu akamfunga Waziri ndani ya kitenge kama anafunga majani ya sombe ya sokoni, akauliza huyu ni wa nani. Gentille akanyoosha kidole. Mama hakunigombeza. Alisema neno moja tu, taratibu: Buffalo.

Jumamosi, 20 Juni. Buffalo, karibu na barabara ya Bailey.

Mjomba Zenoni ananiombea kwa jina, kwa sauti, saa kumi na moja. Majirani wote wamenijua. Mmoja, Edah, akaja kuuliza kama ni mimi niliyekamata nyoka kanisani Louisville. Nikasema kwa mkono mmoja. Basi, donc, Edah anasafiri wiki mbili, na ana nyoka wake, mnene kuliko Waziri. Nimekubali kumtunza. Safari hii sidanganyiki: si shuka, ni maranda. Na bahati yangu, kabati la suti za mjomba lina mbao nyekundu za mwerezi za kufukuza nondo, zinanukia hekalu kabisa. Nimeshaanza kuzikwangua.