Maji Yamo Ukurasa wa Saba

Bibi Thelma Kleinig,
Njia ya Kisima,
Yarrandilla.
Jumanne.

Kwa Mhariri,
Jarida la Chama cha Walenga Shabaha, Yarrandilla.

YAH: MAKALA YAKO ITAMTOA MWANANGU JICHO

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima, na ule mguu uliokanyagwa na kondoo dume umepoa. Sisi hatujambo, ila wasiwasi tu. Shule niliiacha mapema nikakamue ng'ombe, kwa hiyo nikikosea mahali nisahihishe, ndiyo kazi yako.

Nakuandikia juu ya makala uliyotoa mwezi jana, ya kuchukua ganda la risasi ya 303 na kulibana shingo mpaka lishike risasi nyembamba ya 25. Mume wangu Merv alirithi bunduki ya 25 kwa marehemu baba yake, na maganda yake madukani hayapo tena. Alipoona makala yako alifurahi kama mtu aliyeambiwa baba yake karudi. Jumamosi hii kijana wetu Graham, miaka kumi na tisa, ataingia na bunduki hiyo kwenye shindano lenu la bunduki za kale. Atapiga risasi arobaini alizotengeneza baba yake jikoni kwangu. Malalamiko yangu haya hapa.

1. Trei yangu ya kuokea. Umeandika "tumia trei yoyote". Ndugu yangu, katika nyumba hakuna trei yoyote. Kuna trei ya mtu. Hiyo ya kwangu nilipewa siku ya harusi, na sasa ina alama arobaini za vitako vya risasi, zimejipanga kama watoto wa shule. Keki nikiioka inatoka na vipele.

2. Umeandika "paka ganda mafuta ya sufu ya kondoo kidogo kabla ya kulibana". Kidogo! Unamwambia kidogo mtu aliyekata manyoya ya kondoo miaka thelathini? Merv alichota kiganja kizima. Maganda saba ya kwanza yakatoka yamebonyea mabega, maana mafuta yakizidi hayana pa kwenda, yanasukuma shaba ya ganda. Nikamwambia, "Merv, umezidisha mafuta." Akanijibu, "Mama, hizi si skonzi." Kweli si skonzi. Skonzi zangu hazijawahi kubonyea. Tangu siku hiyo hakuna kitasa cha mlango humu ndani kinachoshikika, hata paka amehamia kwa jirani.

3. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ganda lazima lilainishwe kwa moto kwanza, la sivyo shingo inapasuka. Merv aliyasimamisha kwenye trei yakiwa makavu kabisa, akawasha bomba la gesi la kuchomelea, akayachoma mpaka yakawa mekundu toka shingoni hadi kitakoni. Akaniita nije nione. "Tazama, Mama, kama taa za Krismasi!" Nikasema ni mazuri, maana sikujua.

Kesho yake nikamsimulia jirani yangu Gwen Pascoe pale kwenye uzio. Gwen akaacha kuanika nguo. Akaingia ndani akatoka na nakala yake ya jarida lako, akanisomea kwamba trei hutiwa maji mpaka nusu ya ganda, moto upate shingo peke yake, na ikianza tu kuiva unaliangusha majini. Kitako kikilainika hakifai tena. Siku ya kufyatua kinaweza kupasuka, na moshi wa moto ukarudi nyuma kwenye uso wa mpigaji. Mpigaji ni Graham wangu. Ana macho mawili tu, ya bluu, ya mama yangu.

Nilikimbia nyumbani. Merv akaapa kwamba amesoma makala yote mara mbili na hamna maji ndani yake. "Inaishia kwenye moto, Mama!" Hebu niambie, Mhariri, wewe umewahi kuona wapi maelezo ya kupika yanayoishia kwenye moto? Nikamwambia Gwen kayasoma kwa macho yake. Akasema, "Basi Gwen aje apige yeye." Na Graham naye, badala ya kunitetea, anacheka: "Mama, wewe hata mvua unaiogopa." Mvua naiogopa ndiyo. Ilimchukua mjomba wake.

4. Kwa hiyo kosa ni lako, Mhariri, nalisema kwa heshima. Moto umeuweka ukurasa wa pili. Maji umeyaweka ukurasa wa saba. Katikati umejaza matokeo ya mashindano, na kila mwanamume wa wilaya hii hutafuta jina lake humo. Akiliona, anafunga jarida kwa furaha. Asipoliona, analitupa. Hakuna aliyewahi kufika ukurasa wa saba. Mwanamume ataamini lolote aliloambiwa na mlevi kwenye kaunta ya baa, lakini maneno "endelea ukurasa wa saba" anayaona kama mama mkwe kaja kukaa.

5. Naomba basi kamati ifanye haya:

(a) Jumamosi mkague maganda yote ya Merv kabla Graham hajagusa bunduki. Hili nawaomba kwa magoti.

(b) Maji yahamishiwe ukurasa wa kwanza.

(c) Mwanachama yeyote asiruhusiwe kubana ganda mpaka mkewe atie sahihi kwamba amesoma maelezo hadi mwisho, kwa sauti, bila kusema "najua, najua".

(d) Wasio na wake waletwe kwangu. Nitawaanzisha na yai la kuchemsha. Atakayekumbuka maji atapanda darasa.

(e) Na kwa kuwa wanaume hawasomi, chama kikabidhiwe kamati ya akina mama, na wanaume wabaki kuuza tiketi za bahati nasibu ya kushinda nyama, kazi wanayoiweza, maana tiketi ina upande mmoja.

Nisalimie mkeo, na katibu, na mzee Albie wa pale getini, na mbwa wake hata kama aliniuma. Waambie wote nawapenda na siwalaumu, isipokuwa wewe kidogo.

Ni mimi mama mwenye mashaka,
Thelma Kleinig (Bi)

N.B. Nimefungua mlango wa kabati nitazame vipimo vya achari ya nyanya, nikupelekee chupa moja pamoja na barua. Yale maelezo ya achari mliyatoa katika jarida hilohilo la mwezi jana, ukurasa wa nane, nami niliyakata kwa mkasi siku lilipofika, kabla Merv hajatoka malishoni, nikayabandika hapo. Leo gundi imeachia. Nimeigeuza karatasi. Nyuma yake, ukurasa wa saba, kuna maji.

Kumbe jarida la Merv lilikuwa linaishia kwenye moto kweli. Futa namba nne yote, na (b) mpaka (e). Hiyo (a) iache, nakusihi. Naenda bandani sasa hivi kumpa mume wangu karatasi yake, na kumwambia nani aliikata. Kama Jumanne mlisikia kishindo upande wa kwetu, haikuwa bunduki.