Usafi wa Jukwaa la Nanasi

Umma wa Bagamoyo, Kiwangwa, Fukayosi na vitongoji vyake vyote ulitangaziwa rasmi kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, matangazo taka katika majukwaa ya mtandaoni yangekoma. Tangazo lilisomwa na Bwana Mikdad Bwanausi, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Usafi wa Majukwaa. Ofisi hiyo ilikuwa na umri wa wiki tatu, viti vinne na kiyoyozi. Huduma ya mtandao ilikuwa bado kwenye mchakato. Watu walipiga makofi. Matangazo taka yenyewe hayakualikwa mkutanoni, kwa hiyo hayakupata habari.

Baada ya utafiti wa kina, Ofisi iligundua kwamba katika eneo lake lote kulikuwa na jukwaa moja tu. Lilikuwa Jukwaa la Nanasi, na mwenyewe alikuwa Esha Yahya, bibi shamba wa Kiwangwa.

Esha alilianzisha miaka sita nyuma ili mwenye nanasi ampate mwenye gari kabla nanasi halijalainika. Wanachama walikuwa elfu moja na mia nne. Kila alfajiri, akishaswali, aliteremsha birika la chai na kufungua simu kufagia: waganga wa kurudisha wapenzi, mikopo isiyo na dhamana, dawa za kuongeza hiki na kupunguza kile. Aliyetaka kujiunga alikuta swali mlangoni: nanasi hupandwa kwa mbegu au kwa chipukizi? Mkulima alijibu kwa sekunde mbili. Mashine za kusambaza taka zilijibu, "Ndiyo, asante, bonyeza hapa." Kazi yote ilikwisha kabla chai haijapoa.

Ni wazi kwamba hali hiyo haikuweza kuachwa iendelee.

Bwana Mikdad alifika kwa Esha Jumatatu ileile, na faili kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizi taka zako, huwa unazifanyaje?"

"Nazifuta."

"Ukishazifuta zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote, mzee. Zinafutika."

Bwana Mikdad alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa tena. "Bibi Esha, hatuwezi kuwa na taka zinazokwenda kusikojulikana. Kuanzia leo hufuti kitu. Utazichapa nakala tatu, utaziwasilisha kwenye Kamati, nayo itazisikiliza. Hata taka ina haki ya kusikilizwa. Na hili swali la mlangoni liondoe. Linawabagua wasiolima."

"Lakini jukwaa ni la wakulima."

"Umeona sasa? Ubaguzi ndio huo."

Kabla hajaondoka alimteua Esha kuwa Katibu wa Kamati. Mwenyekiti alikuwa yeye mwenyewe, na Mwenyekiti wa Kamati ya Rufaa alikuwa pia yeye mwenyewe, ili kurahisisha mawasiliano.

Waraka Namba Moja ukatoka siku ya pili yake. Ulieleza kitaalamu kwamba taka hutambuliwa kwa dalili nne: neno "haraka", neno "leo", kutajwa kwa bei, na namba ya simu. Ujumbe wenye dalili tatu ungezuiwa kusubiri kikao cha Alhamisi. Chanzo chochote kitakachofikisha jumbe kumi za namna hiyo kingefungiwa siku tisini, "bila kujali cheo, hadhi wala ukoo." Maneno hayo ya mwisho Bwana Mikdad aliyaongeza kwa mkono wake, kwa kuwa yalikaa vizuri mdomoni.

Aliyetaka kuepuka dalili aliruhusiwa kuomba kibali kwa kujaza fomu. Wakulima walikuwa shambani. Mganga mmoja wa kurudisha wapenzi alijaza fomu zote, akaambatisha picha mbili za pasipoti na barua ya mtendaji, akapata kibali kabla ya adhuhuri. Wa mikopo naye akapata. Muuza vyeti vya chuo alipata haraka zaidi ya wote, maana nyaraka zake zilikuwa safi kupita za kila mtu. Kufikia wiki ya pili, ukurasa wa mbele wa Jukwaa la Nanasi ulikuwa umejaa taka tupu, zote halali. Ofisi ikaandika kwenye taarifa yake kwamba taka zisizo na kibali zimepungua kwa kiwango cha kuridhisha.

Kisha Esha akaitwa semina. Ilikuwa ya siku tatu, Jumanne hadi Alhamisi, pale mjini Bagamoyo, na mada yake kuu ilikuwa "Falsafa ya Kitufe cha Kufuta." Simu zilikusanywa mlangoni, zikatiwa kwenye kapu, ili washiriki wasisumbuliwe na mtandao wakati wakijifunza mtandao. Washiriki walikuwa wanne. Kikao cha Kamati cha Alhamisi kiliahirishwa kupisha semina.

Ijumaa asubuhi Esha alifungua foleni ya ujumbe uliozuiwa. Wa kwanza ulikuwa wa Bi Fatu wa Fukayosi, wa Jumanne: "Jamani nanasi zangu zimeiva zote, gari haraka, leo hii, nipigieni," na namba yake chini. Ulio chini yake ulikuwa wa Jayant, mnunuzi wa mjini, wa Jumanne hiyohiyo, dakika tisa baadaye: "Gari tupu linapita Fukayosi leo, mwenye nanasi anipigie haraka," naye namba yake chini. Dalili tatu huku, dalili tatu kule. Siku tatu jumbe mbili zilikaa zimegusana, kila mmoja ukiwa jibu la mwenzake.

Esha alichukua bodaboda mpaka Fukayosi. Harufu aliipata kabla hajashuka. Matenga yalipangwa kando ya barabara, maji ya nanasi yanachuruzika, nyuki wameshajitwalia eneo.

"Shikamoo, Bi Fatu."

"Marahaba, mwanangu." Bi Fatu hakupandisha sauti. "Nilijua utaniona. Nikawaambia wanangu, Esha akishaona tu, gari litakuja. Tukakaa hapa. Jana ndio nikawaambia waende zao."

"Nilikuwa semina."

"Semina ya nini?"

Esha aliinamia tenga lililokuwa karibu. Alijiona mdogo kuliko kikonyo. Walisaidiana kumwaga yaliyooza, mpaka mikono ikawawasha, na Bi Fatu hakuuliza tena.

Aliporudi nyumbani Esha aliutoa Waraka Namba Moja na kuusoma wote, pamoja na viambatisho. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kufanya hivyo, mwandishi wake akiwemo. Alipofika mwisho alinawa mikono, akakaa, akaanza kuutekeleza neno kwa neno, kama katibu mtiifu.

Ikumbukwe kwamba Bwana Mikdad alikuwa mtu wa kuandika. Kila siku alibandika jukwaani matangazo matatu, manne: "HARAKA! Wanachama wote mnatakiwa LEO kuhakiki taarifa zenu, piga namba hii." Mpaka hapo yalikuwa yakipita bila kuzuiwa, kwa kuwa ni ya Ofisi; sasa Esha akaanza kuyahesabu dalili. Kufikia Jumatano, Ofisi ya Mratibu Mkuu ilikuwa imefikisha jumbe kumi na tisa. Mganga, kwa kuwa na kibali, hakuwa na hata mmoja.

Akaifungia akaunti.

Bwana Mikdad alikuja mwenyewe, anatweta. "Mimi! Mimi nimefungiwa?"

"Si wewe, mzee. Ni chanzo."

"Chanzo ni mimi!"

"Waraka unasema bila kujali cheo."

"Najua unachosema, nimeuandika! Fungua."

"Sina mamlaka. Hilo ni la Kamati ya Rufaa."

"Mwenyekiti wa Rufaa si mimi? Basi ninakubali rufaa yangu."

"Hewala. Kiambatisho cha pili kinasema Mwenyekiti atatoa uamuzi kupitia akaunti yake."

Bwana Mikdad alikaa juu ya gunia la mbolea. Jumamosi ilikuwa siku ya uzinduzi rasmi wa Ofisi. Mgeni rasmi alikuwa anatoka mkoani, na mwaliko wa wananchi ulikuwa ule ujumbe wa kumi na nane, uko foleni. Kamati nayo haikuweza kukaa bila Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa kifungoni.

Jumamosi uwanja wa uzinduzi ulikuwa na viti mia mbili, maturubai mawili na watu kumi na mmoja, dereva wa mgeni rasmi akiwa mmojawapo. Mgeni rasmi alikuwa mama mtulivu aliyekwisha kuzindua mengi. Aliangalia viti, akaomba taarifa ya utekelezaji.

Esha akasimama kuisoma. Alieleza kwamba katika wiki nne za kwanza malalamiko ya wanachama yalipanda kila siku, na mengi yalihusu jumbe zisizoombwa kutoka kwa chanzo kimoja. Kwamba chanzo hicho kilifungiwa Jumatano. Kwamba tangu hapo, kuhusu chanzo hicho, hakuna lalamiko hata moja.

"Mmetumia utaratibu gani?" mgeni rasmi akauliza.

"Waraka wa Mratibu Mkuu, mheshimiwa. Ameuandika mwenyewe."

"Na chanzo chenyewe ni kipi?"

Esha alifunua ukurasa wa pili.

"Ni Ofisi ya Mratibu Mkuu, mheshimiwa."

Mgeni rasmi alimgeukia Bwana Mikdad, na uso wake ukachanua. Katika miaka yote ya utumishi wake, alisema, hajapata kuona kiongozi aliyeanza kujisafisha mwenyewe. Wengine huwanyooshea wananchi kidole. Huyu amejifungia kwa waraka wake. Akaagiza mfano huu uigwe mkoa mzima, na kwa kuwa matokeo yamekuwa mazuri kiasi hiki, akaona siku tisini ni chache mno. Kifungo kiwe cha kudumu.

"Mwenyewe unasemaje, Bwana Bwanausi?"

Watu kumi walianza kupiga makofi. Bwana Mikdad aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akawa wa kumi na moja. Kisha akaletewa karatasi ya kukifanya kifungo kuwa cha kudumu, na kalamu, na mpiga picha akamwomba atabasamu wakati anatia saini.