Mtambo Usiokosea Hata Mara Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Kaimu Makamu Mwenyekiti, unayemkaimia Makamu ambaye mwenyewe amekaa hapo hapo ubavuni kwako, Wakurugenzi wenzangu wa idara pacha, Katibu wa Kamati, Katibu wa Kamati Ndogo, na Katibu wa Kamati ya Kuzipatanisha Kamati hizo mbili, walimu wetu wa hisabati, ambao nawaona mmekaa nyuma kama kawaida yenu, dereva wangu, mama wa chai, mama mkwe wangu, uliyeacha shughuli zako zote kuja kushuhudia mume wa binti yako akiwa kazini, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa hadi imechoka. (Makofi. Mama mkwe hapigi.)

Mimi, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Uthibitisho, nimesimama mbele yenu siku hii ya leo, ambayo ni leo, nikiwa na furaha isiyo kifani na bashasha iliyopitishwa na Bodi, ili kuzindua rasmi kitu hiki kilichopo hapa mezani, chini ya kitambaa hiki cha kijani, yaani Mtambo wa Kompyuta wa Kuthibitisha Nadharia za Hisabati Kiotomatiki, Kidijitali na Kiuendelevu. (Makofi.)

Kwa wale ambao hawakubahatika kusoma, nitaeleza. Mtu wa hisabati akisema jambo, hatumwamini kwa uzuri wa sura yake. Sharti aonyeshe hatua moja baada ya nyingine, kila hatua ikitokana na iliyotangulia, mpaka afike. Zamani hatua hizo zilikaguliwa na binadamu, na binadamu, ndugu zangu, anasinzia, anapiga miayo, anakwenda msibani. Kompyuta haiendi msibani! (Kicheko.) Unaipa nadharia asubuhi, inapekua hatua zote, na kabla chai yako haijapoa imeshakwambia: imefuata, au haijafuata.

Sasa sikilizeni takwimu. Tangu Mtambo huu upokelewe, miaka mitatu iliyopita, umekosea mara ngapi? Sifuri! Umeharibika mara ngapi? Sifuri! Umekula umeme kiasi gani? Waheshimiwa, hata mafundi wa umeme walikuna vichwa: sifuri! Huo ni ufanisi wa asilimia mia moja na nne, na hizo nne za ziada ni mchango wangu binafsi. (Makofi ya nguvu.) Wala msidhani tumeulea kama yai. Mwaka jana tuliuandikia barua ya kujieleza kwa nini haujawasilisha ripoti ya robo mwaka, haukujibu. Tukauandikia barua ya onyo, haukujibu. Kamati ya Nidhamu iliguswa sana na utulivu huo, tukaupandisha cheo.

Na kwa kuwa Mtambo upo, nilitoa waraka namba saba, kwamba kuanzia siku ile uthibitisho wowote wa mkono usipokelewe wala usisomwe na mtu yeyote. Kila daftari liingie foleni lisubiri Mtambo. Leo, ninapozungumza, foleni yetu ina madaftari mia mbili na kumi na saba, foleni ndefu kuliko zote katika historia ya Idara, na ninajivunia kusema kwamba haijasogea hata kidogo, jambo linaloonyesha uthabiti wake.

(Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "La kwangu ni la ngapi?")

Nani huyo? Aa, mwalimu! Waheshimiwa, huyu mwalimu wa hisabati ni mfano hai wa mnufaika wa mradi. Miaka mitatu iliyopita alituletea daftari jekundu, tena nakala pekee, akidai amethibitisha ni sakafu za umbo gani haziwezi kujazwa kwa vigae vyenye kona kama herufi L bila kukata hata kimoja. Sisi, kwa umakini, tulilipeleka kwanza Idara ya Ukarabati kwa kuwa lilitaja vigae, na Idara ya Ukarabati ikakaa nalo miezi minane, ikajibu kwa maandishi kwamba kwa sasa haihitaji vigae. Ndipo likaingia foleni. Kila Jumatatu mwalimu amekuja kuuliza, na kila Jumatatu tumempokea kwa tabasamu. Huo ndio utumishi! (Makofi machache.)

(Mwalimu anasimama. "Mkurugenzi, mzee niliyekaa naye ni baba yangu. Alikuwa fundi vigae. Alifukuzwa kazi kwenye varanda ya jengo hili hili, kwa sababu alisema haitajaa bila kukata kigae. Wakamwita mvivu. Mpaka leo mtaani kwetu wanamwita Fundi Haiwezekani. Mimi nimethibitisha kwamba alisema kweli. Nataka daftari lisomwe akiwa hai. Ana miaka tisini na moja." Mzee, bila kusimama: "Na mbili.")

Tisini na mbili, hongera sana mzee, umri wako tutauingiza kwenye mafanikio ya mradi. Lakini niweke rekodi sawa. Varanda ile ilimaliziwa kwa ustadi na fundi mwingine, bila kukata kitu, na madai kwamba kuna kigae kilichokatwa vipande vitatu, pale kwenye kona, chini ya kile chungu kikubwa cha maua ambacho waraka wangu namba kumi na mbili unakataza kisihamishwe, ni uzushi mtupu. (Minong'ono. Watu wanageuza shingo kuelekea mlangoni.) Tazameni mbele, tafadhali.

(Mwalimu: "Basi iwashe hiyo mashine, tuone.")

Haraka haraka haina baraka, mwalimu. Kabla ya kuwasha, tujiridhishe kwanza kwamba Mtambo upo, na hilo nitalithibitisha kwa hatua, kama mnavyopenda ninyi wenyewe. Hatua ya kwanza: Mtunza Ghala alisaini kwamba Mtambo umepokelewa. Alijuaje? Aliona saini ya Mkaguzi. Hatua ya pili: Mkaguzi alisaini, kwa kuwa aliona saini ya Katibu. Hatua ya tatu: Katibu alisaini, kwa kuwa aliona saini yangu. Na mimi, waheshimiwa, si mtu wa kusaini ovyo kama baadhi ya watu. Mimi nilisaini baada ya kuiona, kwa macho yangu haya mawili, saini ya Mtunza Ghala! (Makofi yanaanza, yanasita, yanakufa.)

(Mwalimu: "Mkurugenzi, huo ni mduara. Kila mmoja amemwegemea mwenzake, na hakuna aliyekanyaga chini. Nani aliuona Mtambo wenyewe?")

Kuona! Mwalimu, kuona ni mambo ya kizamani, tuko katika zama za mfumo, na mfumo unasema… Mzee, unakwenda wapi? Mzee wangu, rudi ukae, kitambaa huvutwa na mgeni rasmi! Mgeni rasmi ni mimi!

(Mzee ameshafika mezani. Anavuta kitambaa kwa ncha ya mkongojo wake. Chini yake ni madaftari, yamepangwa vizuri kwa umbo la kompyuta. Juu kabisa kuna jekundu, lenye alama za duara, moja juu ya nyingine. Kicheko kinajaa ukumbini. Mama wa chai: "Jamani, mimi nimeambiwa hapo ndipo pa kuweka buli.")

Msicheke, waheshimiwa. Mnachokiona ni Mtambo ukiwa katika awamu yake ya karatasi.

(Mwalimu analichukua daftari lake, analifuta kwa mkono wa blauzi. "Miaka mitatu," anasema. "Miaka mitatu nasubiri, kumbe limekuwa kiti cha buli." Machozi yanamlengalenga. Mzee anamshika bega: "Usilie, mwanangu. Watu wapo, na sakafu ipo. Twende tukalisome pale pale." Walimu wa nyuma wanasimama kuwafuata.)

Kaeni! Bado nina kurasa kumi na sita na jedwali! Dereva, hata wewe? Mama wa chai, buli ni mali ya Idara! Mama, jamani, mama mkwe wangu, na wewe?

(Mama mkwe, mlangoni: "Nakwenda kuona hicho chungu.")

Vema. Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wanabodi sita mliobaki, nahitimisha. Nikisema "Hatua kwa hatua," mtasema "Mpaka kieleweke." Hatua kwa hatua! (Mwenyekiti, peke yake: "Mpaka kieleweke." Kaimu Makamu anachungulia dirishani.) Mtambo wetu! ("Fahari yetu.") Foleni yetu! (Hakuna anayejibu, kwa kuwa hili halikuwa kwenye karatasi.)

Nawashukuru waliosaini, na walioona saini. Na kwa namna ya pekee namshukuru yule mwalimu, ambaye leo, kwa hatua chache zinazofuatana vizuri, ametuthibitishia kwamba Mtambo haupo na haukuwahi kuwepo. Nakiri ni kazi safi, hata mimi nimeielewa. Lakini waraka ni waraka, na uthibitisho wa mkono haupokelewi. Kwa hiyo naelekeza uthibitisho wake huo uingie foleni, namba mia mbili na kumi na nane, usubiri kuhakikiwa na Mtambo, na mpaka siku Mtambo utakapojiridhisha kwamba haupo, sisi tunahesabu kwamba upo. Naomba makofi.

(Kutoka varandani inasikika sauti ya mwalimu ikisoma hatua ya mwisho, polepole, na sauti za watu: "Imefuata!" Kisha chungu kizito kinaburutwa sakafuni. Halafu makofi, marefu, na katikati yake mama mkwe anaita kwa sauti: "Fundi! Njoo uone, fundi!")

Asanteni. Asanteni sana. Kaeni.