Simba Mkari na Maziwa ya Saa Kumi

Jumatatu, 7 Juni 1999
Chai ya saa kumi imekuja nyeusi tena. Nyeusi kama lami. Mimi, mlinzi wa geti la kiwanda cha magodoro, mtu anayejulikana Thika nzima, nakunywa maji ya majani! Nikamuuliza Syokau wa jikoni kama ng'ombe wamegoma. Akasema niulize nguruwe wa Muasya. Huyo Muasya ndiye msimamizi wa kantini, na anafuga huko Gatong'ora. Kumbe ile mitungi ya kwenye pikapu yake, ninayoifungulia geti kila jioni, ni maziwa yetu. Nimekuwa nikipigia saluti chakula cha nguruwe.

Kulalamika siwezi. Aliyelalamika mwisho yuko kwao anachunga mbuzi. Kazi ikienda, chumba changu cha kupanga mtaa wa Landless nacho kimeenda.

Jumatano, 9 Juni
Ofu, siku yangu ya kupumzika. Nimeenda Ruiru, maana Thika ina macho. Nadira, msichana wa duka la kompyuta, anasema kuna ukumbi kwenye intaneti ambapo Wakenya wanasengenyana dunia nzima, na jina unajipa unalotaka. Raha gani hiyo. Nikasema, yeye akapiga chapa: Muasya, maziwa, nguruwe, yote. Jina nikachagua Simba Mkari. Nadira, ambaye huniita guka, yaani babu, akauliza, guka, ni mkali ama mkari? Nikamwambia ndiyo, mkari. Akauliza tena. Ikabidi nichukue kalamu nimwandikie mwenyewe, herufi kubwa. Watoto wa siku hizi wana masikio mazito.

Jumanne, 15 Juni
Intaneti ni kitu kibaya. Binti wa mdosi, mwenye kiwanda, anasoma Uingereza. Ameyaona maneno yangu, akamtumia baba yake kwa faksi. Muasya ameibandika ubaoni nje ya kantini ati tumtambue adui. Anasema Simba Mkari akipatikana, atatoka bila hata kuaga. Watu wanaisoma, halafu wanageuka kuniangalia mimi. Ni heshima tu. Mzee huangaliwa.

Nimejitolea kusaidia upelelezi. Nimemnong'oneza Muasya kwamba Kaleli, mlinzi wa usiku, ana meno ya simba kabisa. Tena hukalia kiti changu na kukiacha na joto. Muasya akaniomba nilitamke tena hilo jina la adui. Nikatamka. Akaenda zake.

Jumatano, 16 Juni
Gari la mdosi limesimama getini, halikuingia. Mdosi akatoka, faksi mkononi, akaangalia kibao nilichokiandika mwaka juzi: HATARI MBWA MKARI. Akaangalia faksi. Akarudi kwa kibao. Mbwa mwenyewe alikufa Krismasi. Akauliza ni kazi ya nani. Nikasema kwa fahari ni yangu, na rangi bado haijabanduka. Hapo akaegemea gari, akacheka mpaka akavua miwani.

Ofisini kicheko kiliisha. Muasya alitaka nifukuzwe leo leo. Syokau akaitwa, akaulizwa habari ya maziwa, akasema yote, hadi majina ya nguruwe. Mdosi akakata kesi: nguruwe walionona kwa maziwa ya kampuni ni nguruwe wa kampuni. Muasya nje. Na mimi, kwa kuianika kampuni mbele ya dunia, geti apewe Kaleli, niende Gatong'ora nikalinde nguruwe. Chumba kimepona. Kiti kimekwenda.

Nikamuuliza Syokau nani amenichoma kwa mdosi. Akasema, guka, ni hiyo R yako. R gani? Ya kwenye kibao. Nikarudi kuiangalia. Imenyooka vizuri kabisa. Nilitumia rula.

Jumapili, 20 Juni
Gatong'ora. Nguruwe hawana mazungumzo. Chai hakuna, nyeusi wala nyeupe. Syokau amepita akitoka kanisani, akaniambia maziwa yamerudi kiwandani, mengi mpaka chai inashika utando. Kaleli anakunywa yake na kuongezwa, amekalia kiti changu. Huu ni ufisadi. Dunia lazima ijue.

Nimefikiria sana nilikosea wapi. Ni simba. Simba ni mnyama wa kulinda, kwa hivyo mtu akisikia simba anafikiria mlinzi. Nikipata ofu nitarudi kwa Nadira na jina jipya, na safari hii hawatanijua ng'o. Nimeshaliandika hapa mlangoni kwa nguruwe, rangi nyekundu, nione kama linakaa vizuri. Linakaa.

CHUI MKARI.