Wafagiaji wa Ukungu

Jumapili, tarehe 2 Juni

Leo nimesoma Habari za Kanda kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe niliifurahia. Makanisa yote ya Kipresbiteri ya kanda yetu huleta habari zao, na mimi, fundi wa fremu za picha, ndiye ninayezisoma kabla ya mahubiri. Nani kabatizwa. Kwaya ipi inatafuta sauti ya besi. Wapi wanahitaji watu wa kujitolea. Nilipofika kwenye kupaka rangi ukumbi nikanyamaza, nikatazama dirishani, nikaliacha neno lielee. Kimya kizuri sana. Mke wangu anasema watu walidhani nimepoteza mstari.

Baada ya ibada Mchungaji akatangaza jambo. Mkutano mkuu wa kanda unakuja, na mtu mmoja atachaguliwa kusoma habari za makanisa yote mbele ya makanisa yote. Atatoka miongoni mwa wanaojitolea. Mchungaji wetu ni mama, na akisema jambo, amelisema.

Nikajiona pale pale. Jukwaa. Kitambaa cheupe mezani. Upepo unapitapita, watu wameinua nyuso kama maua.

Kisha nikamwona shemasi muuza viatu naye ameinua uso wake. Tunamwita Spika, maana hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Huyo akisoma habari ya ubatizo, mtoto analia upya.

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimekwenda kujiandikisha mapema, kabla Spika hajafungua duka. Nikamkuta ameshafika. Amechukua kuchimba mtaro kwenye kanisa la mtelemkoni. Achimbe.

Mimi nimetafuta kazi inayoonekana bila kuchosha. Kanisa la ng'ambo ya mto lina nyumba ya wazee, na wanaomba watu wa kukaa nao mchana. Kukaa! Nimekuwa nikijiandaa kwa kazi hiyo maisha yangu yote. Mchungaji alinishika mkono, akasema si wengi wanaochagua huduma ya kimya. Niliinamisha kichwa kidogo. Kidogo tu, Spika aone.

Mke wangu ameuliza nani atamaliza fremu za wateja. Nimemwambia zinakauka. Amesema hazijapakwa kitu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nyumba ya wazee. Korido ndefu, sakafu inanuka sabuni, saa ya ukutani inakwenda polepole kama imealikwa. Nimepewa bibi mmoja anayekaa dirishani. Macho yake yamefifia, anaona mwanga na vivuli tu. Ujanani alikuwa opereta wa simu, enzi za kuunganisha watu kwa mkono. Bado anainamisha kichwa upande mmoja mtu akizungumza, kama ana chombo sikioni.

Nilikuwa nimepanga kusinzia. Viti vyao ni vizuri. Lakini akasema amesikia mimi ndiye msomaji wa habari, basi nimsomee. Nikasoma. Zikaisha. Ilibaki ile ya mwisho, ya kakanisa ka kwenye kiwanda cha matofali, ambako wanaomba msaada kila wiki kwa maneno yale yale tangu wakati wa mvua. Hiyo huwa siisomi, hata kanisani. Inaniharibia mwisho.

Bibi akauliza kama hakuna nyingine.

Nje wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye paa la jikoni. Nikalitazama. Na sijui ilikuwaje, nikajisikia nasema kwamba liko kanisa moja juu kabisa mlimani, juu mno, hata ukungu huingia mlangoni bila kubisha na kukaa kwenye mabenchi. Waumini wakija Jumapili hawana pa kukaa. Kwa hiyo wanatafuta watu wa kujitolea, kila Jumamosi, waje na mafagio wautoe taratibu.

Akauliza kwa nini taratibu. Nikasema ukungu ukishtuliwa hupanda kwenye dari, na kuushusha ni kazi. Akauliza unapofagiwa unatoa sauti gani. Nikafikiri. Nikasema kama mtu anayekunja shuka peke yake.

Akatabasamu. Na mimi pia. Nilirudi nyumbani kwa miguu na sikuiona njia.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Balaa.

Bibi amemwambia msimamizi wa nyumba ya wazee. Msimamizi amemwambia Mchungaji. Mchungaji amesikia kanisa lenye unyevunyevu linaomba wafagiaji, na amemwambia Spika. Spika amekuja dukani kwangu, akajaza mlango. Anataka kujua kwa nini tangazo kubwa namna hii nimelificha. Ananijua, amesema. Nilitaka niende peke yangu nionekane.

Hapo ndipo ilinipasa kusema ukweli. Nilifungua kinywa kwa nia hiyo hasa. Akauliza kanisa liko wapi, na kinywa kikajibu: "Juu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepajua. Amekwisha kuazima basi dogo la shule. Vijana wa kwaya wanakuja, na akina mama wa ushirika, na mafagio. Jumamosi asubuhi. Mimi ndiye mwonyesha njia.

Nimeshinda dukani nikitazama ukuta kupitia fremu tupu. Ukuta ndani ya fremu unapendeza kuliko ukuta wenyewe. Sikufanya kazi nyingine.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimepambana siku nzima.

Nilimwambia Mchungaji kwamba nasikia ukungu umepungua. Akasema basi watapangusa mabenchi. Nilimwambia Spika barabara imekatika. Akaongeza majembe kwenye basi. Nikaamua kuugua. Mke wangu akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema nimepoa kama kioo cha fremu, na kwamba chochote nilichokifanya safari hii nitakiendea kwa miguu yangu.

Likabaki jambo moja, kumwambia Bibi, ambaye nasikia naye anakuja, kwamba safari imevunjika. Yeye akisema haendi, labda wengine watalegea. Nilimkuta dirishani amevaa viatu. Viatu vya kutokea, vyeusi, vina kifungo pembeni. Amevivaa tangu asubuhi, alisema msimamizi, ili miguu ivizoee. Tangu aletwe pale hajatoka nje ya geti.

Niliketi. Nilikuwa na maneno tayari. Bibi akaniuliza kama huko juu kuna baridi, achukue shali ipi.

Nikamwambia ile nzito.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimefika nimechelewa kwa makusudi. Walikuwa wananisubiri. Basi limejaa, mafagio yametokeza madirishani, na Spika amesimama mlangoni anaimbisha. Nikakaa mbele na Bibi, karibu na dereva.

Dereva akauliza tunakwenda upande gani. Nikaonyesha mlima. Kila kona akiuliza nasema mbele kidogo. Nilikuwa nawaza kwamba mlima ni mkubwa, Mungu ni mwema, na huenda mahali fulani yupo mtu aliyejenga kanisa bila kuniambia.

Vijana wakachoka kuimba. Spika akaanza kuniangalia. Ndipo Bibi akaniinamia na kusema, polepole, mimi tu nisikie:

"Mwanangu, hilo kanisa halipo."

 Nikamwuliza amejua lini.

"Tangu ulipolianza. Nimesikiliza watu kwenye waya miaka mingi. Mwenye habari huisema haraka aimalize. Wewe ulikuwa huna haraka."

Nikamwuliza kwa nini basi amekuja. Akaikaza shali yake. Akasema kwa sababu nililisema vizuri, na kwa sababu basi lilikuwa linatoka.

Nikaitazama barabara. Haikuwa na la kuongeza, maana ilikwisha. Tumefika kwenye geti la kiwanda cha matofali, mwisho wa njia, matanuri yanafuka. Pembeni kuna kakanisa kadogo, na hakaonekani vizuri kwa vumbi. Vumbi jekundu, laini, limekaa kwenye paa, kwenye ngazi, kwenye mabenchi yote ndani.

Mwinjilisti wa pale akatoka na kitambaa mkononi. Akayaona mafagio. Akaketi kwenye ngazi, akafunika uso. Alimwambia Spika kwamba wameomba tangu wakati wa mvua, na walikuwa wameanza kuamini kwamba hakuna anayewapenda. Spika akanigeukia, akauliza kama ndiyo hapa. Nikasema ndiyo hapa. Ningesema nini?

Wakafagia. Milango ikafunguliwa yote miwili, jua likaingia, na vumbi likanyanyuka na kusimama hewani, limejaa mwanga, mpaka watu wakawa vivuli tu vinavyotembea ndani ya rangi. Bibi aliomba aketishwe katikati. Alisema kwa macho yake ni ukungu kabisa. Akapewa fagio, akafagia alipoweza kufika, taratibu, bila kuushtua. Nilisimama nyuma ya kiti chake. Kwa muda sikuwaza jukwaa lolote.

Kisha nikawaza kwamba mtu angepiga picha. Ingekaa vizuri kwenye fremu ya mbao nyeusi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Dhuluma.

Mchungaji amemshukuru Spika mbele ya waumini wote. Kwa basi, kwa mafagio, kwa moyo. Spika ndiye atakayesoma kwenye mkutano mkuu. Alisema asante na kioo cha dirisha kikatetemeka. Mimi sikutajwa, isipokuwa baada ya ibada, ofisini, mlango umefungwa. Mchungaji alitaka kujua kwa nini tangazo la kiwandani halikuwahi kusomwa. Nilisema koo. Alinitazama mpaka koo likaniuma kweli.

Akasema habari njema ni kwamba kule vumbi hurudi kila wiki, kwa hiyo wanahitaji mtu wa kudumu. Kila Jumamosi. Na fagio lake mwenyewe. Ameona mimi nafaa.

Nilimfikiria Bibi, nikakumbuka jinsi alivyotabasamu ndani ya ule mwanga. Nikafikiria pia mgongo wangu. Nje ya dirisha la ofisi ndege walikuwa wamepanga foleni juu ya waya, wananyamaza wote pamoja, halafu wanaanza wote pamoja.

Nikasikia namwambia Mchungaji kwamba ningependa sana, ila Jumamosi zangu zimechukuliwa. Kuna kanisa ng'ambo ya msitu, dogo, halina kwaya, na wanatafuta watu wenye subira wa kuwafundisha ndege sauti ya pili. Ya kwanza wanaijua.

Mchungaji hakucheka. Alichukua kalamu. Ameuliza gari la kwenda huko linaondoka saa ngapi.

Nimesema saa mbili asubuhi. Kesho nitatafuta msitu.